Sauti Namba Arobaini na Moja

Umeme uliporudi asubuhi, Prisca aliacha ndizi zake za kuchemsha mezani akakirukia kinanda. Betri ndogo ya ndani ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila umeme ulipokatika sauti alizotengeneza zilifutika, zikabaki zile kilizokuja nazo: filimbi, tarumbeta, kengele. Akafungua daftari lake na kuanza kubonyeza namba upya. Sauti kuanza, sifuri. Kushuka, sitini na mbili. Kufa, tisini, polepole. Alijua akikichomoa kukipeleka kwenye hafla ya kiwandani zitafutika tena, lakini vidole havikutulia.

Twalib, fundi redio wa mtaa wa jirani, Msasani, ndiye aliyemfundisha. "Sauti ni kama mtu, dada. Inazaliwa, inakaa, inakufa. Wewe ipangie tu."

Ilimchukua wiki tano, kila akitoka zamu ya kuchambua chai, kuipata ngoma ya msiba ya kwao Masoko, ile ambayo ukiisikia unaacha jembe shambani na kwenda. Wapigaji wenyewe walikuwa wanaisha, na Prisca alitaka kwaya ya kanisani, aliyoipigia kinanda, iwe nayo siku za mazishi. Akaiweka namba arobaini na moja.

Leo haikuwa siku ya mazishi. Leo kiwanda cha chai kilikuwa kinakabidhiwa kwa mnunuzi, na watu mia mbili walikwisha kuambiwa Jumatatu wasije. Orodha ya watakaobaki alikuwa nayo Erasto, ofisa utumishi, ambaye jana alimwita pembeni.

"Kesho tupigie tarumbeta, mambo ya sherehe. Jina lako nitaliacha kwenye orodha."

"Na Agness?"

"Jipiganie mwenyewe, dada. Agness ana Mungu wake."

Agness alikuwa amechambua chai naye meza moja kwa miaka tisa. Prisca akarudi kwenye meza ya kuchambulia, na neno hilo likamkera usiku kucha.

Kiwandani walimweka karibu na jenereta, kando ya jukwaa. Hotuba zikaanza: soko huria, ufanisi, wafanyakazi wachache wenye tija. Nje ya uzio wa seng'enge walisimama waliopunguzwa, Agness mbele yao, mikono imekumbatia mfuko wa plastiki wenye sare yake. Alikuwa ameifua kwanza ndipo akaileta kuirudisha. Hilo lilimuuma Prisca kuliko hotuba zote. Akateremsha sauti ya kinanda mpaka mwisho, akafungua daftari juu ya magoti na kubonyeza namba zile upya. Sifuri. Sitini na mbili. Tisini.

Erasto akampungia mkono: sasa. Tarumbeta ilikuwa kitufe cha kwanza kushoto. Prisca aliwaza ada ya mwanawe, akawaza paa la jikoni linalovuja. Akapandisha sauti nusu, akabonyeza arobaini na moja.

Ngoma ikalia, nzito, ikachelewa kufa. Nje ya uzio wanawake wakafunga kanga viunoni, wakaweka mikono kichwani. Agness akaanza kulia kwa sauti, na wengine wakampokea, kama inavyopasa. Jukwaani mnunuzi alitabasamu na kupiga makofi kufuata mdundo, akidhani anakaribishwa.

Erasto, naye mtoto wa Masoko, alikwisha kuvua kofia kabla hajajijua. Alipozinduka aliivaa tena, akatoa orodha mfukoni, akatafuta kalamu.

Prisca alimwona. Akaongeza sauti.