Mama Ubao Achaguliwa kwa Kauli Moja

Hivi wewe, umewahi kumwona mtu anayewafundisha wenzake kuogelea huku mwenyewe akiogopa maji ya beseni? Kama hujamwona, kaa vizuri, maana huyu alikuwepo, tena na beji shingoni.

Alikuwa mhadhiri wa chuo cha biashara, mwaka wa ishirini na tatu akifundisha menejimenti kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Walimwita Mama Ubao. Wenzake walipowasha projekta, yeye aliandika kwa chaki, na akitoka darasani ubavu wa gauni lake umekuwa mweupe kama wa mtu aliyeegemea gunia la unga. Somo lake la saba kila mwaka lilikuwa lile lile: namna ya kukataa kazi unayopewa na mkubwa wako bila kumuudhi. Wanafunzi walilipenda mno. Mwaka huo akaandika makala kuhusu jinsi ya kulifundisha, nayo ikakubaliwa isomwe kwenye kongamano la walimu wa menejimenti, ambalo chuo chake ndicho kilikuwa mwenyeji.

Sasa, mganga hajigangi. Wiki tatu kabla ya kongamano, mkuu wa kitivo alimwita ofisini akamwambia kiti cha mkuu wa idara kiko wazi, na anayefaa ni yeye. Mkuu wa idara ni mtu wa vikao, ratiba, na kuamua nani kachukua kiti cha nani. Darasa la mwaka wa kwanza angepewa mwingine. Mama Ubao hakukitaka kiti hicho hata kwa dawa. Alitaka darasa lake la saa mbili asubuhi, wale watoto waliotoka sekondari juzi, wenye maswali kama, "Mwalimu, hivi bosi naye ana bosi?" Alifungua mdomo aseme hivyo. Kilichotoka ni, "Nashukuru sana kwa kuniamini."

Asubuhi ya kongamano mume wake, dereva mstaafu wa malori, alikaa ukingoni mwa kitanda akimtazama anavyofunga vifungo vya viatu.

"Leo utamwambia?"

"Nitamwambia. Natafuta pa kuanzia tu."

"Pa kuanzia! Siku nilipoleta lile kochi la kijani hukutafuta pa kuanzia. Ulisema 'rudisha' hata sijalishusha garini."

"Wewe ni mume wangu, baba. Yule ni mkuu wa kitivo."

"Afadhali yeye," mzee akasema, akamsaidia kufunga kifungo cha pili.

Ukumbini viti vilivishwa vitambaa vyeupe na utepe mgongoni, utadhani vinaolewa. Mkuu wa kitivo, ambaye walimu walimwita Dira kwa sababu hawezi kuomba chumvi mezani bila kutaja dira ya chuo, alifungua kongamano akiwa na habari njema.

"Waheshimiwa wageni, sisi hatufundishi uamuzi shirikishi kwa maneno matupu. Leo mchana, mbele ya macho yenu, walimu wetu watampata mkuu wa idara. Kwa vitendo!"

Mwalimu wa masoko, aliyekaa jirani na Mama Ubao, alimnong'oneza, "Dada, leo tumekuwa mboga kwenye sinia."

Zamu ya makala yake ilifika. Akasimama, akaeleza hatua za kukataa: kwanza shukuru, pili sema unachotaka, tatu toa sababu moja tu, maana sababu ya pili huiua ya kwanza. Watu waliandika mpaka kalamu zikakwaruza. Wengine walisimama kupiga makofi. Dira alikuja mbio akamshika mikono yote miwili.

"Umenigusa, mama! Mtu anayejua kukataa namna hii ndiye hasa wa kuongoza idara!"

"Nashukuru sana," alisema Mama Ubao. Hatua ya kwanza aliimaliza vizuri. Ya pili ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Wakati wa chai akajaribu tena. Alimkuta Dira kwenye foleni ya birika, amezungukwa na wageni wanne, kikombe mkononi.

"Mkuu, kuna jambo nilitaka..."

"Liandike! Mchana kuna vikaratasi. Kila sauti lazima isikike."

"Ni neno moja tu, mkuu."

"Neno moja ndilo hasa linaloenea kwenye kikaratasi!" Akamimina chai, akaondoka na wageni wake.

Mchana akaingia mwezeshaji wa kukodi, filimbi shingoni na kalamu za rangi sita mfukoni, zimepangwa kama meno. Alimpa kila mwalimu wa idara kikaratasi cha njano cha kunata. Swali lilikuwa, idara inahitaji nini.

"Hakuna jibu baya!" akasema, akapuliza filimbi.

Mama Ubao aliandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, herufi kubwa zilizosimama wima: *Sitaki ukuu wa idara. Nataka kubaki na darasa langu la mwaka wa kwanza.* Akakibandika ukutani mwenyewe, akakigandamiza kwa kiganja. Roho ikatulia. Limekwisha, akajiambia.

Wapi. Mwezeshaji alianza kuvipanga vikaratasi kwa makundi, akivisoma haraka kama mtu anayechambua mchele wa karamu. Vilivyotaja chai ya baridi vilikwenda huku, vya projekta mbovu vikaenda kule. Alipoona maneno "ukuu wa idara" alibandua tu na kupeleka kundi la uongozi. Kundi hilo likapata vikaratasi sita. Vinne vilisema Mama Ubao anafaa. Akasoma hivyo vinne, akaangalia saa yake, akapuliza filimbi.

"Sita kwa sita! Kauli moja!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mwalimu wa masoko aliinama sikioni mwa Mama Ubao, uso umemshuka.

"Dada, mimi niliandika 'yeyote yule ila siyo mimi'. Nimehesabiwa kuwa mpiga debe wako."

"Wewe una nafuu, mdogo wangu. Mimi nimejipigia kura mwenyewe."

Akanyoosha mkono. Mwezeshaji akamwonyesha kiganja. "Subiri mama, kwanza tusherehekee!" Wakapiga makofi ya mpangilio, matatu na moja, matatu na moja. Dira akampa maiki, nayo ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia.

"Na hatukulala," Dira aliwatangazia wageni. "Darasa lake la mwaka wa kwanza tayari tumempa mwalimu wa masoko. Anaanza kesho, saa mbili!"

Mwalimu wa masoko alipaliwa na maji hata wakampiga mgongo.

Mama Ubao alitazama ule ukumbi mzima, walimu mia moja na ushee wanaofundisha watu kusikilizana. Kesho. Kesho wale watoto watamkuta mtu mwingine mbele yao, na ubao umefunikwa kwa pazia la projekta. Akaisogeza maiki mdomoni.

"Sitaki," alisema.

Makofi yakafa moja moja. Mwezeshaji alikimbilia karatasi kubwa iliyobandikwa karibu na mlango, imeandikwa MAEGESHO, mahali pa kuyaweka mambo yanayochelewesha ratiba.

"Wazo zuri mama, tuliegeshe hapa, tutalirudia muda ukiruhusu."

"Hilo siyo gari, baba. Weka kalamu chini."

Mwezeshaji akaiweka. Dira alikuwa bado anatabasamu, lile tabasamu lililosahauliwa usoni kama taa ya mchana.

"Mama, lakini si uliandika mwenyewe?"

"Niliandika, hamkusoma. Sasa nasema. Mkuu, sitaki ukuu wa idara. Nataka darasa langu la mwaka wa kwanza, saa mbili asubuhi, kwa chaki, mpaka siku nitakayostaafu."