Mistari Mitupu ya Mama Mariana

Kiingereza changu nilikitoa Buzwagi, mgodini, enzi nikiendesha gari la kumwagia maji vumbi. Darasa sikukaa. Nilikisoma kwenye vibao, na pale vibao vilikuwa vingi kuliko miti: simama, vaa kofia, kaa mbali, usiguse. Vilizidi hata kanga wa porini wakajua kusoma. Nimemwona kanga, kwa macho yangu haya, akifika kwenye kibao cha kukataza kuingia, akakipitia taratibu kuanzia kushoto, kisha akawageuza wanawe wote wakarudi walikotoka. Asiyeamini akawaulize kanga.

Basi nilipostaafu nikarudi Shinyanga, hapa Kambarage, nikawa mtu wa kuulizwa Kiingereza. Aliyeniuliza kuliko wote ni jirani yangu Generosa, Mama Mariana.

Mariana, bintiye, ameolewa Kanada na ana mtoto wa kiume wa miaka tisa, Edward. Jina ni la babu yake, marehemu mume wa Generosa. Mtoto hajui Kiswahili wala Kisukuma. Wakipigiana simu ya picha, bibi anamtazama mjukuu, mjukuu anamtazama bibi, wanatabasamu wote wawili mpaka mashavu yanachoka. Kisha mtoto anatoka kwenye kioo, unabaki ukuta mweupe.

"Mimi naongea na ukuta wa Kanada," aliniambia siku moja. "Nataka nimwandikie. Kwa mkono wangu, kwa lugha yake."

"Si umwachie Mariana atafsiri?"

"Mariana akitafsiri anapunguza. Namimina debe, mtoto anapewa kikombe. Na huyu mtoto anakua, Baba Wiliam. Akishapevuka hajanijua, atanijulia wapi tena? Kwenye picha ya msiba?"

Tukaanza. Kila alasiri navuka ua, namkuta kwenye kigoda kando ya mikeka ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa juani. Mkono mmoja kalamu, mkono wa pili fimbo ya kumfukuzia mbuzi. Jua la hapa kwetu saa hiyo linayeyusha vitu. Bati linacheza, barabara inaonekana ina maji, na mtu hajui yu macho au anaota. Nami nikiegemea kiti nilikuwa nayaona maneno ya Kiingereza yanakuja kama yangeyange, wale ndege weupe wanaofuata ng'ombe. Yanashuka bila sauti, yanatua pembeni mwa mikeka, yanashika mguu mmoja juu, yanangoja kuitwa.

"Mwalimu umelala."

"Sijalala. Napanga somo."

Barua ya kwanza tuliiandika kwa maneno yangu. Ilisomeka hivi: Mjukuu, vaa kofia. Usikimbie kwenye ngazi. Kaa mbali na mashine. Ukiona hatari, mwambie msimamizi.

"Hapo hamna kosa hata moja," nilimwambia, na kweli halikuwepo. Akaipiga picha kwa simu, ikaruka. Kesho yake Mariana akapiga, akasema mtoto ameuliza kama bibi ni polisi.

Generosa alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Kiingereza chako kimevaa buti, Baba Wiliam. Hakiwezi kuingia nyumbani kwa watu."

Tangu hapo akawa anajifundisha mwenyewe, mimi namshikia taa tu, na taa yenyewe mchana. Mariana alimtumia vitabu vya watoto. Akawa ananakili sentensi, kisha anaivua nguo zake na kuivisha za hapa: paka wa kitabuni anageuka mbuzi, theluji inageuka vumbi, mkate unageuka ugali wa mtama. Kila siku aliandika kitu alichokiona toka kigodani. Upepo umeangusha ndoo. Mbuzi amekula kamba yake mwenyewe. Jirani anakoroma. Mwanzoni sentensi zilichechemea, zikadondoka njiani. Baadaye zikaanza kutembea. Kufikia wakati michembe imekauka kiasi cha kulia ikigonganishwa, zilikuwa zinanipita mimi, na nikizikosoa ananionyesha kitabuni.

Siku ya barua yenyewe alianza kwa kuandika: Mume wangu mpendwa.

"Futa hiyo."

"Kwa nini? Ana jina la mume wangu, ana masikio ya mume wangu. Wewe bibi yako alikuwa anakuitaje?"

"Alikuwa ananiita mume, tena mume mvivu. Lakini bibi yangu alikuwa hapa Usukumani. Kule wakisoma hiyo linakuja gari la king'ora."

Akasonya, akaandika Edward. Chini yake akaandika: Umeamkaje? Akaruka mistari miwili. Mama yako ameamkaje? Akaruka tena miwili. Mvua je, huko? Akaruka. Na ng'ombe? Akaruka. Mpaka akafika chini kabisa, akaweka swali ambalo mzee wa Kisukuma akikukuta njiani hakosi kukuuliza, ili ajue pa kukuweka: Wewe ni wa nani? Hapo akaacha mistari mitatu, akafunika kalamu.

Nikaigeuza karatasi. Nyuma hamna kitu.

"Mama Mariana, hii imetobolewa kama kilima cha wachimbaji wadogo kule Geita. Habari iko wapi?"

"Habari ataileta yeye. Mimi nimesalimia. Mtu ukimsalimia unanyamaza, aitikie. Au wewe husema mwangaluka huku unapita, kama uko kwenye lile gari lako la maji?"

"Kiingereza cha kuandika hakiachi nafasi. Kinashindiliwa, kama pamba kwenye gunia."

"Basi changu kitaacha."

Nikambembeleza. Nikamwambia ana sentensi nzuri za mbuzi na ndoo, azipange humo mtoto apate cha kusoma. Alipokataa nikamletea mfano wa mtu wa Mhunze, aliyekutana na shemeji yake njiani wakaanza kusalimiana. Wakaulizana watoto, wakaulizana ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi zao. Mvua ikanyesha juu yao. Mbegu za mtama walizobeba mifukoni zikaota, zikapanda mpaka mabegani, zikatoa masuke, ndege wakaja kula, wakashiba, wakaondoka. Mpaka leo wamesimama palepale, habari hawajaifikia.

Generosa alisikiliza mpaka mwisho. "Walikuwa na shida gani hao?" akauliza.

Nikatafuta shida yao, nikaikosa.

Akaituma vilevile ilivyo, akamwomba Mariana aichape karatasini, ampe mtoto.

Jibu halikuja. Michembe ikatiwa magunia, mikeka ikakunjwa. Simu ilikaa juu ya kigoda kama jiwe. Generosa aliacha kuandika. Vitabu alivirudisha kabatini, na nilipomuuliza lini tunaendelea alisema mikono inamuuma.

"Labda nimemchosha mtoto," akasema siku nyingine, tukiwa tumekaa tu. "Amefungua, amekuta maswali. Mtoto gani anapenda maswali."

Ilikuwa nafasi yangu ya kusema nilikuonya. Ulimi ukanilala mdomoni, na mimi nikalala nao. Nikaota mbuga ya Kishapu imekuwa karatasi, nyeupe mpaka inapokutana na mbingu, mistari imepigwa kwa jembe la ng'ombe. Yangeyange wamesimama kwenye kila swali. Katikati yao kuna nafasi tupu, na kila nafasi imejaa maji matulivu, kama birika la kunyweshea. Nikasikia kwato zinakuja toka mbali sana, za mnyama mmoja, mdogo.

Ilikuwa simu, inatetemeka juu ya kigoda.

Karatasi yake ilikuwa imerudi, imepigwa picha. Mistari yote imejaa, kwa penseli, maandishi yamelala upande kama mahindi baada ya upepo. Generosa hakuniruhusu nimsomee. Alisoma mwenyewe, kwa sauti, akinigeuzia kwa lugha yetu sentensi moja moja.

Umeamkaje? Nimeamka nimechoka, niliota mbwa anaendesha basi.

Mama yako? Amekasirika kidogo. Nilimwaga maziwa. Usimwambie nimekwambia.

Mvua? Hakuna. Kuna theluji mpaka magotini.

Ng'ombe? Hatuna ng'ombe. Jirani ana paka mwenye jicho moja. Huyo anahesabika?

Wewe ni wa nani? Hapo palikuwa pamefutwa, pakaandikwa, pakafutwa tena, karatasi imechanika kidogo. Mwishowe: Swali hili sikulielewa. Mama amesema nijibu mimi ni wa Generosa. Generosa ndiye wewe?

Mbuzi alikuwa ameingiza kichwa kwenye gunia la michembe, anatafuna kwa kelele, na fimbo ilikuwa pale pale chini. Hakuna aliyeiokota.

"Kuna picha nyingine," nilisema.

Mtoto alikuwa amechukua karatasi mpya. Ameandika: Bibi, umeamkaje? Kisha ameruka mistari miwili. Mbuzi wako anaitwa nani? Mistari miwili. Na chini kabisa, palipoachwa nafasi kubwa: Yule mzee anayelala kwenye kiti nyuma yako tukiongea kwenye simu, ni nani?

"Mhola duhu," alijibu Generosa kwa sauti, salama tu, kama vile mtoto yuko mlangoni. Akaenda kabatini, akarudi na karatasi na kalamu. Akanakili maswali ya Edward na nafasi zake zote. Kisha akaanza kujaza.

"Nikusaidie neno?" nikamuuliza.

"Kaa hapo. Nasikia mwenyewe."

Kalamu ilikwenda bila kusimama. Mbuzi alipata jina papo hapo, kitu ambacho hakuwa nacho toka azaliwe. Alipofika kwenye swali la mwisho aliniangalia, akacheka peke yake, akainama akaandika kwa muda mrefu, mpaka nafasi ikamwishia akahamia pembeni. Nikanyoosha shingo. Akafunika kwa kiganja.

"Haya si yako."

"Ni habari zangu."

"Ni zake. Yeye ndiye aliyeuliza."

Nikarudi kwenye kiti changu. Jua lilikuwa linayeyusha barabara, na yangeyange walishaanza kushuka. Mpaka leo sijui kule Kanada mimi ni nani.