Kabla Sauti Haijafutwa

Igoki alizivaa spika za masikioni juu ya kitambaa chake cha kichwa, akaikazia macho kompyuta. Hakusikia kitu. Hata hivyo alitabasamu, akamgeukia Runji, asije akamtia haya kijana wa watu.

"Labda anavuta pumzi kwanza," alisema.

Runji alitazama kioo cha kompyuta. Kisanduku cha kijivu kilikuwa kimejitokeza na kusema kwa Kiingereza kwamba plagini ya sauti haikupatikana.

"Bado, mama. Kivinjari hiki kimekosa kile kijiprogramu cha kukifungulia sauti. Sharti nikitafute. Njoo Ijumaa ijayo."

Ilikuwa Agosti ya mwaka 1999, katika ofisi ya kituo cha mafunzo ya wakulima, Runyenjes. Kompyuta ile iliachwa na mfadhili mmoja wa Denmaki, nayo haikutumia Windows kama za wengine. Ilitumia Linux, na aliyeijua tabia yake pale mjini alikuwa Runji peke yake. Igoki, mjane wa Kanja, alikuwa ameshuka kwa miguu akiwa na barua ya bintiye Linda, aliyekuwa akisomea uuguzi Norway. Runji ndiye aliyemsomea. Linda alikuwa na saratani ya koo. Madaktari wangemkata na kuondoa pale sauti inapotoka. Angepona, Mungu akipenda, lakini asingesema tena. Alikuwa ametuma kanda. Kama haikufika, hospitali ilikuwa imeiweka sauti yake kwenye ukurasa wa mtandao mpaka mwisho wa Agosti.

Kanda haikufika.

Jambo ambalo Igoki hakulijua ni kwamba Runji alikuwa na lake moyoni. Miaka mitano nyuma, mbele ya kwaya nzima, alimwuliza Linda kama angemngoja amalize chuo. Linda alicheka. "Mimi nataka mtu anayejua kwenda, si anayejua kungoja." Kwaya nayo ikacheka, na kicheko kile Runji alikibeba tangu siku hiyo kama mwiba uliovunjikia nyayoni.

Jumatano, mkurugenzi akiwa mkutanoni Embu, Runji alikaa na ile kazi. Plagini alikwisha kuipata na kuiweka kwenye folda yake, lakini kila alipokigusa kiungo cha sauti, kivinjari kilizimika chote. Alifungua orodha ya plagini, haikuwamo. Akasoma ujumbe wa kosa neno kwa neno hadi akauelewa: plagini ilitengenezewa maktaba za mfumo wa zamani, yale mafaili ambayo programu huyategemea ili ifanye kazi, na kompyuta hii ilikuwa na mpya tu. Mgeni alikuwa amebisha hodi kwa lugha ambayo mwenyeji aliisahau. Akazitafuta zile maktaba za zamani, akazivuta kwa laini ya simu iliyokatika mara nne, akazipachika mahali pake. Alipofungua orodha tena, plagini ilikuwamo.

Akabofya.

"Mami," Linda alisema kwa Kiembu, karibu sana, kana kwamba amesimama nyuma ya kiti.

Runji alisikiliza dakika zote kumi na moja. Linda alimtaja ng'ombe mwenye pembe moja. Alimtaja mzee Salesio aliyewaezekea paa, na mwalimu wa kwaya, na hata mbwa wa jirani. Kila alipotua, Runji alisogea mbele. Sauti ilipokwisha, akairudisha mwanzo. Alitajwa mbwa. Yeye hakutajwa.

Ijumaa Igoki alifika na ndizi mbivu kwenye kiondo.

"Imekataa, mama," Runji alisema.

"Imekataa kabisa?"

"Mashine hizi zina ukaidi wake."

Alizipokea ndizi kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Jioni alizila, akajisikia mrefu. Alijiambia kwamba sasa kuna mtu wa nyumba ile anayejua kungoja. Lakini kisasi ni kama muwa: utamu hauchelewi kwisha, mtu akabaki anatafuna makapi.

Ijumaa iliyofuata, tarehe ishirini na saba, Igoki aliingia amelowa manyunyu, viatu vimejaa udongo mwekundu. Safari hii hakuuliza. Aliketi.

"Wamekwisha kumkata," alisema. "Parokiani walipigiwa simu. Yuko hai, anaandika kwenye karatasi." Alifuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Mwanangu, nikuambie jambo la aibu. Nimeanza kuisahau. Nikijaribu kuikumbuka sauti yake, inanijia ile ya utotoni. Ile ya mtu mzima siipati."

Runji akavuta kiti cha pili karibu na kompyuta, akawasha modemu ya kuiunganisha na mtandao. Ililia, ikakoroma, ikanyamaza. Akainua mkono wa simu: kimya. Mvua ilikuwa imeangusha nguzo upande wa chini, karani akasema, na mafundi wangekuja wiki ijayo.

Walikuja Jumatano, tarehe mosi Septemba. Runji aliunganisha mtandao kabla hawajashuka nguzoni. Plagini ilifanya kazi yake bila kinyongo. Ukurasa ndio uliokuwa mtupu. Na sauti ile ilikuwa ya kutiririka tu kama maji ya mfereji; mashine haikubaki na tone. Akaiandikia hospitali barua pepe. Jibu lilikuja siku ya pili, la adabu, mistari miwili: muda ukiisha, rekodi hufutwa.

Ijumaa alimweleza Igoki yote. Hakuegemea mvua wala nguzo. Alisema, "Niliitengeneza tangu Jumatano ile. Niliisikia. Nikakunyima."

Alingoja laana. Katika nchi ile laana ya mama wa mtu si mchezo, naye alikuwa ameinamisha kichwa tayari kuipokea. Igoki alimtazama muda mrefu, jinsi mtu anavyolitazama shamba baada ya mawe ya mvua.

"Uliisikia yote?"

"Yote. Mara mbili."

"Basi wewe ndiwe uliye nayo." Akavuta kiti. "Nipe."

"Mama?"

"Niambie alivyosema. Usiongeze, usipunguze."

Runji alikohoa. Akaanza na lile "mami", likamtoka zito na la kiume. Akamtaja ng'ombe. Akamtaja mzee Salesio, mwalimu wa kwaya, mbwa. Yote hayo yalichukua muda wa kufunga kamba za viatu. Kisha akakwama. Alijua Linda alikuwa amesema mengi baada ya hapo. Mahali fulani alikuwa amecheka, au labda alilia. Alikuwa ameomba jambo, akalirudia. Runji alilitafuta jambo hilo, lakini alichokumbuka ni masikio yake mwenyewe, namna yalivyosimama yakiwinda jina moja tu na kuyaacha mengine yote yapite.

Igoki alikuwa amefumba macho. Mikono yake ilitulia mapajani, viganja vimetazama juu.

"Endelea," alisema.