Upande Uliobaki Wazi

Wenzake kazini walimwita Buldoza kwa sababu ya mashine aliyoiendesha, naye alilivaa jina hilo kama suti. Kazi yake ilikuwa kufukia kinamasi kilichokuwa nyuma ya nyumba yake mwenyewe, ili wajenge wenye nafasi zao. Kwa desturi ya kazi angeanza upande wa makazi na kusukuma udongo kuelekea mtoni, ng'ambo ya pili ya kinamasi. Lakini mkewe alikuwa amejifungua juzijuzi.

"Mume wangu, hebu anza ng'ambo ile," alimwomba. "Hilo vumbi litamwingia mtoto kifuani."

Akaanza mtoni, akasukuma udongo kurudi nyumbani. Mwenye akili angejiuliza viumbe wa humo watatokea wapi. Yeye alijiuliza kama mtoto anapiga chafya!

Walitangulia vyura: jikoni, bafuni, mpaka ndani ya viatu. Mama mkwe, aliyekuja kumsaidia mzazi, akacheka. "Mkwe wangu, wageni wako hawapigi hodi!"

Wakafuata panya buku, kisha kenge aliyekula mayai, na kesho yake akamrudia kuku mwenyewe. Mama mkwe akaacha kucheka. Halafu ikaja asubuhi ambayo hakulia chura wala hakukimbia panya.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," alisema mama mkwe, na safari hii hakuwa na utani.

Siku hiyo, kwenye tope lililobaki, Buldoza aliona mburuzo mpana wa kitu kisicho na miguu, umeelekea nyumbani kwake. Hofu ikamshika. Akamwendea msimamizi.

"Bosi, tusimame kwanza. Tufungue njia ya mtoni, wanyama watoke."

"Umechoka? Wenzako wanaitafuta kazi hii," alijibu msimamizi, na mwingine akapanda mashine kabla kiti hakijapoa.

Buldoza alikimbia nyumbani. Mama mkwe alikuwa uani, mikono kichwani. Chumbani, mkewe alikuwa amebana mgongo ukutani. Mtoto amelala fofofo kitandani, na ubavuni pake, juu ya blanketi lake, chatu mnene kama paja la mtu mzima alikuwa akijikunja taratibu, akitafuta joto.

"Usisogee," mkewe alinong'ona.

Hakusogea. Nje mashine ilizidi kukaribia. Kitanda kikaanza kutetemeka, chatu akainua kichwa, na mtoto akafumbua macho.