Goti la Thadei

Gari la zahanati ya Tumati halikuwa na klachi. Mtaalamu mmoja wa mashamba ya ngano kule Hanang alipomaliza mkataba wake aliliacha liwabebe wagonjwa wa kijiji, na kila aliyeliona likibadili gia lenyewe alistaajabu. Asubuhi ile ya masika Odilia hakuwa na nafasi ya kustaajabu. Binti yake Ludovika alikuwa amelala kiti cha nyuma, uchungu ukiwa umemshika tangu jana, mtoto amekaa vibaya tumboni. Muuguzi Benedikta, aliyemshikilia, alikuwa amesema wazi: "Tusipofika hospitali ya Mbulu kabla ya mchana, tutawapoteza wote wawili."

Kwenye mlima wa kwanza gari liliishiwa nguvu, likaanza kurudi nyuma. Dereva Thadei akakanyaga breki. Akajaribu tena, likapanda kidogo, likanguruma kwa uzito, likashindwa pale pale.

"Thadei mwanangu," Odilia aliuliza kutoka kiti cha mbele, kwa maana kwenye darasa la kisomo cha watu wazima alikuwa amezoeshwa kuuliza kabla ya kulia, "hili gari linajuaje wakati wa kubadili gia?"

"Ndani kuna oili, mama, inasukumana kutoka pande mbili. Magurudumu yakienda mbio, oili ya upande mmoja inadai gia kubwa. Nikikandamiza pedeli ya mafuta, ya upande wa pili inakataa: bado kuna mzigo, tubaki gia ndogo. Inayoshinda ndiyo inayoamua."

"Mbona basi tukianza kupanda unainua mguu?"

Thadei aliutazama mguu wake. Kwa miaka mingi alikuwa ameendesha lori la mahindi la kijiji, na kwenye lori gia haibadiliki mpaka dereva ainue mguu.

"Kila ukiinua," Odilia aliendelea, "unaliambia tumeutua mzigo. Nalo linakuamini."

"Kweli, mama. Najua, ila mguu hausikii. Na kile kishikio cha kulizuia kwenye gia ndogo kilikatika juzi."

Odilia aliweka kiganja juu ya goti la Thadei, akalikandamiza kwa uzito wake wote.

"Mama! Watu watasema nini?"

"Waseme wakishamwona mjukuu wangu. Twende."

Ludovika alicheka katikati ya maumivu. "Thadei, usimsimulie mke wako!"

Gari likapanda. Mara mbili Odilia alilisikia goti likitaka kuinuka, na mara zote mbili alilizuia. Injini ililia kwa sauti moja, gia ndogo haikuachia, matope yakabaki nyuma. Kileleni, njia iliponyooka na magurudumu kushika kasi, gia ilibadilika taratibu, kama mama anayemhamisha mtoto aliyelala kutoka bega moja hadi jingine.

"Sasa niachie, mama," Thadei alisema. "Linajua lenyewe."

Jua lilikuwa halijafika utosini walipomwingiza Ludovika kwa daktari. Kabla ya alasiri, Odilia alipakatishwa mtoto wa kike, mzito, mwenye hasira ya njaa.

Siku ya kurudi nyumbani, kichanga kikiwa nyuma na mama yake, barabara ilianza tena kupanda. Odilia alinyoosha mkono, akaona goti la Thadei limetulia.

"Umejifunza, mwanangu."

"Goti ndilo lililojifunza, mama. Mimi bado naogopa."

Odilia alicheka. Mkono uliokuwa umenyooshwa hakuurudisha bure. Aliuweka juu ya dashibodi ya bati, iliyokuwa na joto la injini, akauacha hapo mpaka kileleni.

"Ahsante," aliliambia gari polepole, kisha akamgeukia Thadei. "Ahsanteni nyote wawili."