Nyumba ya Dada Chini ya Ziwa

Kila asubuhi fundi ambaye ofisi nzima ilimwita Kadibodi alianza kazi kwa kufuta vumbi kwenye mfano wa mji mpya, meza pana kuliko kitanda, yenye ghorofa za karatasi ngumu na miti ya sponji. Katikati palikuwa na shimo lililosubiri ziwa. Mji wenyewe ulionekana dirishani, umejengwa nusu, na hakuna aliyehamia isipokuwa yeye. Alipewa chumba juu kabisa. Jirani hakuwa naye, hata wa kununiana naye.

Asubuhi moja alikuta ndani ya shimo nyumba ambayo hakuitengeneza. Ilikuwa ndogo kama kiberiti, ina bati lenye kutu na kamba ya nguo uani. Aliitambua mara moja. Ilikuwa ya dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na ambaye alikuwa amekataa katakata kuhama bondeni, mahali palipotengwa kwa ziwa.

"Hiyo umeiweka wewe?" msanifu mkuu aliuliza.

"Hapana, bosi. Imekuja yenyewe."

"Basi itoe. Wageni wanakuja kesho kuona ziwa, na ziwa halina nyumba ndani." Akarudi kwenye chai yake.

Kadibodi aliing'oa kwa kibanio. Hakuwa na moyo wa kuitupa, akaitia mfukoni mwa shati. Punde simu ikalia.

"Mdogo wangu," dada alisema, "huku kumekuwa giza ghafla, na kuna kitu kinadundadunda ukutani. Ni wewe?"

"Ni mimi, dada. Uko mfukoni."

"Nilijua tu. Hilo shati lenyewe umelifua lini?"

Jioni aliiweka nyumba mezani kwake, kando ya sahani. Taa ikawaka kidirishani. Walikula pamoja, yeye huku na dada kule, wakamsengenya mjomba wao bahili mpaka Kadibodi akaangua kicheko. Alikuwa amesahau kicheko chake kinavyosikika. Akamwomba dada abaki hapo hapo. Angemweka karibu na dirisha, apate jua.

"Kisima changu kiko wapi hapa?"

"Hakuna."

"Na kaburi la mama?"

Kadibodi aliisogeza sahani kando.

"Nirudishe, mdogo wangu. Siwezi kuzeekea mezani kwa mtu, hata kama nimemlea."

"Kesho ziwa linajazwa, dada. Na anayemimina ni mimi."

"Kazi yako naijua. Mimina polepole tu, nina kuku."

Asubuhi aliibandika nyumba pale pale, akachanganya ile gundi nzito inayoganda ikawa kama maji, akaimimina kutoka pembeni, taratibu. Ilipita kizingiti, ikapita kamba ya nguo, ikafunika bati. Wageni walipiga makofi. Mmoja aliisifu taa iliyowaka chini ya ziwa, na msanifu mkuu akasema hilo ni wazo la ofisi. Mchana ule ule tingatinga zikashuka bondeni.

Jioni simu ikalia. Sauti ya dada ilitoka mbali, yenye mapovu.

"Kuku wameshazoea. Njoo Jumapili, ila ubebe nguo za kubadili."

"Nitakuja, dada."

Aliosha sahani yake, akasimama dirishani. Hakuwa amemwambia kwamba hajui kuogelea. Dada mwenyewe ndiye aliyemkataza kusogelea maji utotoni, kwa kuogopa kubaki peke yake.