Kikohozi cha Mzee Hezroni

Mimi ndiye niliyemtuma Felista kwenye ile kona ya mto. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu wapo watu hapa Ipinda wanaomlaumu baba mkwe wake, nami nimechoka kuwasikiliza.

Mwaka ule wa tisini na tatu ilikuwa vigumu kumwambia mtu asilime kando ya mto. Wanunuzi binafsi walikuwa wamesharuhusiwa, malori yanafuata mpunga hadi mashambani, na kila mwenye jembe alifyeka matete akalima mpaka majini. Masika yakifika, mto ulimega mashamba ukayapeleka ziwani. Basi tukajikusanya vijana kumi na wawili, wengi wa kwaya, pamoja na Yasini na Hanifa, watoto wa Mzee Mansuri mwenye duka, tukaanza kuyarudisha matete kwa mikono yetu. Hakuna aliyetutuma. Mzee Mansuri alitupa viroba vitupu vya chumvi tujazie mchanga, akatuita wendawazimu.

Kona mbaya kuliko zote ilikuwa shambani kwa Mzee Hezroni, baba mkwe wa mwenzetu Felista. Maji yalikuwa yameila kwa chini, juu umebaki udongo ulioshikwa na majani tu. Mzee alikataa tusipande, hataki kupoteza mistari yake mitatu ya mpunga. Nilimwendea mara nne. Mara ya nne alichoshwa na mdomo wangu.

"Haya, pandeni," akasema. "Alhamisi mchana nitakuja niwaonyeshe mpaka."

"Ndaga fijo, tata," nikamshukuru, nikaondoka nimevimba kichwa.

Sasa, kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Mzee akikaribia hukohoa kwa mbali, mkamwana hutoka njiani akajificha, naye mzee humpa mgongo mpaka apite. Ndiyo heshima. Wengi wa rika letu walikuwa wameshailegeza. Felista hakulegeza hata kidogo. Alikuwa na miaka miwili kwa mumewe Lugano, nyumba yao na ya mzee zinatenganishwa na migomba tu, na hawakuwahi kuonana uso.

Tulimtania sana. Nilimwuliza siku mzee akimkuta mbinguni atajificha wapi.

"Nyuma yako, Tuntufye," akasema. "Wewe ni mnene, tutatosha."

Alhamisi asubuhi nilimpanga kwenye ile kona. Hakuna aliyepanda matete vizuri kama yeye, na nilijua hadi mchana atakuwa amemaliza na kuondoka. Sisi wengine tulibaki chini kidogo tukikata vipandikizi. Mvua ilikuwa imenyesha milimani na mto ulikuwa unanguruma.

Nikasikia mzee anakohoa.

Tulisikia wote. Hanifa akanitazama, nami, Mungu anisamehe, nikacheka. Nikasema, "Leo Felista atakimbia mpaka Matema." Tukaendelea kukata.

Baadaye nikabeba mzigo wa vipandikizi kumpelekea. Nikamkuta Mzee Hezroni amesimama njiani, ameupa mto mgongo, mkononi ana kichane cha ndizi mbivu alichotuletea. Alikuwa amewahi kuja. Alitaka tukifika tukute ameshapigilia vigingi vya mpaka.

"Ugonile, mwanangu," akanisalimu bila kugeuka. "Ameshapita?"

Nyuma yake ile kona haikuwepo. Jembe la Felista lilikuwa limelala pembeni, na pale alipokuwa amechuchumaa palikuwa maji matupu. Aliruka ukingoni kujificha, na ukingo ukaenda naye. Kama alipiga kelele, mto ulizimeza. Na mzee wa watu alisimama pale muda wote ule, akimsubiri apite kwa heshima zake.

Tulimpata jioni, huko chini, amenaswa kwenye matete tuliyopanda tulipoanza kazi. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameyapanda.

Msibani Mzee Hezroni hakusogea karibu na maiti. Hata amekufa, alikuwa bado mkamwana wake. Alikaa peke yake kwenye migomba nyuma ya jiko. Nikamfuata. Nilikwenda kumgombeza, nisiwe mwongo. Nilitaka kumwuliza kwa nini aliwahi, na kwa nini mtu hawezi kugeuka hata mara moja. Nilitaka liwe kosa lake ili lisiwe langu.

Aliniona, akanipa nafasi kwenye gogo.

"Tuntufye," akasema, "wewe ulikuwa rafiki yake. Alikuwaje usoni?"

Nilikaa. Nikamwambia alikuwa mweusi wa kung'aa, ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto, la kuanguka kisimani utotoni. Nikamwambia ana mwanya, na akitaka kucheka huuziba kwanza kwa ulimi. Nikamwambia macho yake yalikuwa makubwa, ya mtu anayeshangaa jambo zuri.

Mzee alisikiliza ameinama, akiitikia kwa kichwa kila nilipotaja kitu. Nilipomaliza akaniomba nianze tena.